Monita ya nje ikigoma: mambo ya kuzingatia kabla hujaigusa laptopu ya kazi nzito

Laptopu za kazi nzito, zile za ukoo wa ThinkPad P, Dell Precision na HP ZBook, nyingi huingia Kariakoo na katikati ya Nairobi zikiwa zimeshatumika maofisini ng'ambo. Wanunuzi ni wasanifu majengo, wahariri wa video na wahandisi. Malalamiko yao yanafanana: monita ya pili haionekani, inawaka na kuzima, au inawaka lakini kipanya kinajikokota. Safari ya kwanza huwa ni kwa fundi, na jibu la haraka huwa ni kwamba kadi ya grafiki imeungua. Mimi niliwahi kutajiwa bei ya bodi nzima, kisha jioni ileile rafiki akaniazima kebo yake na picha ikatokea. Tangu hapo sigusi kitu kabla sijajiandaa.

Anza na jambo ambalo halihusiani na picha hata kidogo: ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski. Windows ya siku hizi mara nyingi hufunga diski kwa siri tangu siku unapoingiza akaunti ya Microsoft, nawe usijue. Ukibadilisha mpangilio kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows, au ukaisasisha, mashine inaweza kuwaka kesho yake ikidai ufunguo wenye tarakimu 48. Usipokuwa nao, kazi zako zote zimefungiwa humo. Ingia kwenye akaunti yako leo, uunakili ufunguo huo kwenye karatasi, uiweke mbali na laptopu. Kisha nakili mafaili ya kazi kwenye diski ya nje. Kabla ya kusasisha BIOS, sitisha BitLocker kwa muda, hakikisha betri imejaa na chaji imechomekwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo na betri ikawa imechoka, mashine inaweza isiwake tena, kwa hiyo mwenye betri mbovu atafute kwanza betri.

Chaji yenyewe uiangalie. Mashine hizi huja na adapta za wati 170, 230 na hata zaidi, lakini za mitumba mara nyingi huuzwa na chaji ndogo yoyote iliyokuwepo dukani. Inachaji, ndiyo, ila kadi ikianza kazi ya kweli umeme hautoshi, na mashine hujipunguzia kasi. Soma wati zilizoandikwa mgongoni mwa adapta, linganisha na zile mtengenezaji anazotaja kwa modeli yako. Vivyo hivyo kwa doki, kile kisanduku cha kuongeza matundu, inayochaji kwa USB-C: nyingi hazivuki wati 100.

Sasa tuje kwenye kiini. Ndani ya nyingi ya laptopu hizi kuna kadi mbili: ya Intel iliyomo kwenye prosesa, na ya NVIDIA iliyo peke yake. Katika hali ya mseto, skrini ya laptopu huendeshwa na Intel, na NVIDIA huamshwa kazi ikiwa nzito. Lakini kwenye modeli nyingi tundu la HDMI limeunganishwa moja kwa moja na NVIDIA. Ndiyo maana unaweza kuwa na skrini nzuri kabisa mbele yako huku HDMI ikiwa kimya: draiva ya NVIDIA, yaani programu inayoiendesha kadi, imekwama, na Intel haina habari. Hili ukilijua mapema, nusu ya wasiwasi inaisha. Siku mashine iko nzima, chomeka monita kwenye kila tundu kwa zamu, fungua paneli ya NVIDIA kwenye ukurasa wa Surround na PhysX, uone kila skrini imening'inia kwenye kadi ipi. Chora hilo kwenye daftari.

BIOS nyingi za mashine hizi hukuruhusu kuchagua mseto au NVIDIA pekee. Ukinunua mtumba, kabla hujatoa pesa, iwashe upya ubonyeze F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell au F10 kwa HP, uone kama unaweza kuingia na kubadilisha kitu. Baadhi hubaki na neno la siri la ofisi ya kwanza. Mashine ya namna hiyo mimi siichukui hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu siku ya tatizo mlango muhimu kuliko yote umefungwa.

Kebo ndizo zinazodanganya watu zaidi. Kebo ya USB-C ya kuchajia simu inaingia vizuri kwenye tundu, inachaji vizuri, lakini nyingi hazina nyaya za kubeba picha. Na si kila tundu la USB-C hutoa picha. Tafuta alama ya radi ya Thunderbolt au ile herufi D iliyobeba P ya DisplayPort, njia nyingine ya picha mbali na HDMI, na pasipo na alama soma maelezo ya modeli yako. Kwa HDMI, toleo la 1.4 linafikisha picha ya 4K kwa Hz 30 tu, yaani picha 30 kwa sekunde, na hapo ndipo kipanya hujikokota; kwa Hz 60 unahitaji 2.0, na kila kiungo cha njia, kuanzia tundu, adapta, kebo hadi monita, kiwe cha kiwango hicho. Monita nyingine zina menyu yake ya kuchagua toleo, nayo hutoka kiwandani ikiwa kwenye la zamani. DisplayPort 1.2 hubeba 4K moja kwa Hz 60. Ukiunganisha monita mbili za 4K kupitia njia hiyo moja, ya pili itazima au itashuka kiwango. Hakuna kilichoharibika hapo, njia imejaa.

Doki za DisplayLink zihesabu peke yake: zinahitaji draiva yake, na picha hubanwa kwanza na prosesa ndipo isafiri kwa USB. Kwa barua na majedwali zinafaa. Kwa uhariri wa video sizipendekezi.

Draiva pakua kabla hujafuta ya zamani, maana ni mamia ya megabaiti na bando huisha pabaya. Anza na ile ya mtengenezaji wa laptopu kwa modeli yako hasa, na weka nukta ya kurejesha mfumo (restore point). Skrini ikiganda, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Draiva inaanzishwa upya bila kuzima mashine. Kwenye kumbukumbu za matukio za Windows (Event Viewer) tafuta tukio namba 4101: maana yake kadi ilinyamaza zaidi ya sekunde 2 na draiva ikarudishwa. Andika saa ilipotokea na ulikuwa unafanya nini.

Kila jaribio badilisha kitu kimoja tu. Chomoa umeme wa monita dakika moja, jaribu. Kebo nyingine, jaribu. Ruka doki, jaribu.

Ukiona michirizi au mabaka ya rangi tangu kwenye nembo ya mtengenezaji, kabla Windows haijaanza, usilaumu draiva ya Windows, bado haijapakiwa. Yakiwa kwenye skrini ya laptopu pekee, shuku paneli ya skrini hiyo au utepe wake wa nyaya. Yakiwa kwenye skrini zote mbili, kadi imefikia pa kuchunguzwa na fundi. Nenda na daftari lako, chaji yenye wati zake na kebo uliyoithibitisha, na umwombe aiwashe mbele yako kwa kebo hiyo kabla hajafungua skrubu hata moja.