Kufunga kiti cha choo chenye maji ya kuchambia: anza kwa kupima tangi

Mimi ni fundi bomba, nafanya kazi Dar es Salaam. Kiti cha kwanza cha aina hii nilikifunga Temeke, kwa mama mmoja aliyepooza mkono wa kulia. Kwa miezi mingi binti yake ndiye aliyekuwa akimwosha kila akitoka haja, na yule mama alifika mahali pa kupunguza kula ili asiende chooni mara kwa mara. Nilipomaliza kazi aliingia peke yake, akafunga mlango, akazungusha kitufe kwa mkono wa kushoto. Alipotoka hakusema neno juu ya kiti. Aliniuliza kama nimekula.

Kuchamba kwa maji si jambo geni kwetu. Kopo lipo, na nyumba nyingi siku hizi zina shatafu, ile hozi yenye kibonyezo pembeni ya choo. Kama viungo vyako ni vizima, shatafu inakutosha. Sikushauri utumie pesa zaidi. Kiti hiki kinamfaa zaidi mtu ambaye kujipinda na kufikisha mkono nyuma ni taabu: mzee mwenye baridi yabisi, aliyepata kiharusi, mjamzito wa miezi ya mwisho. Kinamfaa pia mwenye bawasiri, ambaye karatasi inamkwaruza mpaka damu. Tena sakafu inabaki kavu, na kwa mzee anayetembea kwa mkongojo hilo peke yake ni kinga.

Hatua ya 1: Pima kimo cha tangi

Hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ndani ya kiti kuna kijibomba chembamba. Ukifungua maji, kinajitokeza, kinarusha maji, kisha kinarudi ndani. Kinachokisukuma ni nguvu ya maji. Nyumba zetu nyingi hazitumii maji moja kwa moja kutoka bomba la mtaani, zinatumia tangi la juu, na nguvu inategemea tangi limepanda kiasi gani. Hesabu yake ni nyepesi: kila mita 10 za kimo zinakupa karibu bar 1 (bar ni kipimo cha nguvu ya maji). Tangi lililo kwenye mnara wa mita 3, na kiti kiko sentimita 40 kutoka sakafuni, linakupa kama bar 0.26 likikaribia kuisha. Viti vingi vya Kijapani vinataka angalau 0.05 MPa, ambayo ni bar 0.5, yaani mita 5 za kimo. Kwa tangi la mita 3 utapata maji yanayodondoka tu.

Pima kwa futi kamba kutoka kitako cha tangi hadi usawa wa kiti. Kisha soma kasha la kiti kabla ya kulipa. Kimo kikipungua, una njia tatu: pandisha tangi, weka pampu ndogo ya kuongeza nguvu, au baki na shatafu. Nimewahi kumrudisha mteja dukani na kiti kikiwa bado kwenye nailoni yake, na sijutii.

Hatua ya 2: Pima sinki la choo na koki

Matundu mawili ya kufungia kiti huwa yameachana kama sentimita 14 hadi 15. Pima pia kutoka kwenye matundu hadi ncha ya mbele ya sinki, na uangalie umbo: la yai, la duara, au la herufi D. Kiti cha yai juu ya sinki la D kitacheza, na mzee akikaa upande mmoja kinaweza kumtupa.

Halafu tafuta koki ndogo ya ukutani inayolisha tangi la flashi. Kama tangi la flashi limefichwa ndani ya ukuta, koki hiyo hutaiona. Hapo mwite fundi, usianze kuvunja vigae. Choo cha kuchuchumaa hakipokei kiti hiki kabisa.

Hatua ya 3: Umeme au bila umeme?

Kampuni ya TOTO ya Japani ilianza kuuza viti vyake vya umeme vya Washlet mwaka 1980: maji ya moto, kiti chenye joto, upepo wa kukausha. Ni vizuri kwa nchi ya baridi. Kwa joto la Dar, kisicho na umeme kinatosha, na hakina cha kuungua.

Ukipata cha umeme cha mtumba kutoka Japani, fahamu kwamba kule umeme ni volti 100. Kwetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja umekiua. Na chochote cha umeme chooni lazima kiwe na waya wa ardhi na swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja. Kazi hiyo ni ya fundi umeme, hata mimi huwa namwita.

Kwa walioletewa na ndugu kutoka Marekani: maungio yake hayaendani na nusu inchi tunayotumia hapa. Nunua tii (kiungo cha njia tatu) na fleksibo (hozi fupi inayopindika) za nusu inchi kabla hujaanza.

Hatua ya 4: Toa kiti cha zamani

Funga koki, vuta flashi tangi litoke maji. Legeza nati mbili chini ya sinki. Zikiwa na kutu usizilazimishe kwa nyundo, sinki litapasuka. Kata boliti kwa msumeno wa chuma, taratibu. Safisha mahali pote palipofichwa na kiti.

Hatua ya 5: Funga kiti kipya

Weka bamba la kushikilia juu ya matundu, kaza boliti nusu, telezesha kiti mpaka kilie "tak". Kisogeze kikae katikati, kitoe, kaza bamba, kirudishe.

Hatua ya 6: Unga maji

Fungua fleksibo kwenye koki ya ukutani, weka beseni chini. Funga tii kwenye koki: njia moja irudi kwenye tangi la flashi, nyingine iende kwenye kiti. Nyuzi za chuma zizungushie tepu nyeupe mara 4 au 5, kufuata upande wa kukaza. Penye mpira ndani usiweke tepu, mpira wenyewe unaziba. Plastiki kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana malaya, basi.

Njia ya kwenda kwenye kiti iwekee koki yake ndogo na valvu isiyorudisha maji. Usiniulize kama ni lazima. Maji yakikatika na mabomba yakawa matupu, yanaweza kuvuta kwenda nyuma, na kijibomba kile kinakaa jirani na uchafu. Hayo ndiyo mabomba yanayopeleka maji jikoni kwako.

Fungua maji polepole. Pitisha karatasi kavu kila kiungo. Ikilowa popote, kaza. Rudia baada ya saa moja.

Hatua ya 7: Kutumia

Kitufe kiwe kwenye nguvu ndogo kabisa kwanza. Kaa nyuma kidogo, ongeza taratibu. Nusu dakika inatosha. Maji makali ya muda mrefu yanakausha ngozi na kuleta muwasho. Mama aliyejifungua juzi aulize kwanza mkunga wake kuhusu mishono. Wanawake: maji ni ya kusafisha nje, yasielekezwe kwa nguvu ndani. Kila mtu awe na kitambaa chake cha kujikaushia, na mikono inaoshwa kwa sabuni vilevile.

Jua likiwa kali, maji yaliyolala kwenye bomba la nje huwa ya moto. Ukiwa na mgonjwa asiyehisi vizuri, zungusha kwanza kitufe kwenye sehemu ya kijibomba kujisafisha, maji yatiririke mpaka yapoe.

Hatua ya 8: Kukitunza

Wenye maji ya kisima cha chumvi, kijibomba kitaota gamba jeupe na maji yataanza kwenda pembeni. Kila mwezi kivute nje, kivishe mfuko mdogo wenye siki, ufunge kwa mpira, subiri saa moja, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Jiki usitumie, inakula mipira. Chujio la kwenye maungio lisafishe kila unapoosha tangi, kwa sababu mchanga wote unaishia hapo. Ukisafiri, funga ile koki ndogo.