Masika yakikaribia: kuandaa nyumba ya bondeni hatua kwa hatua

Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Dar es Salaam, na kazi zangu nyingi ziko Kigogo, Magomeni, Tandale na Vingunguti. Kila mafuriko yakipita naitwa kurudisha umeme kwenye nyumba zilizoingiwa na maji, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye umeme. Wakati wa mafuriko kila mtu anahangaikia magodoro na friji, huku hatari kubwa iko kwenye soketi iliyo karibu na sakafu.

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Usiidharau vuli: mafuriko ya 2011, ambayo baada yake serikali ilizihamishia familia nyingi Mabwepande, yalikuja Desemba. Fanya maandalizi haya Februari, kisha yakague tena Septemba.

Hatua ya 1: Jua maji yako yanatokea wapi

Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, unashuka Vingunguti, Kigogo na Jangwani, halafu unaingia baharini penye Daraja la Selander. Maana yake mvua ikipiga Pugu usiku, wewe wa Jangwani unaweza kuamka umezungukwa na maji hata kama kwako hakukunyesha. Kuna jambo jingine ambalo wavuvi wanalijua kuliko sisi wa bara: bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu bahari hujaa sana, na maji ya mto yanapokutana na bahari iliyojaa hukosa pa kwenda. Mvua kubwa ikiangukia siku hizo, ongeza tahadhari.

Waulize wazee wa mtaa maji yalifika wapi mwaka ule mbaya kuliko yote, kisha piga mstari wa rangi ukutani kwako. Mengine yote utayapima kwa mstari huo.

Hatua ya 2: Pandisha umeme juu ya mstari

Nyumba nyingi zina soketi karibu kabisa na sakafu. Mwite fundi azihamishe zifike usawa wa kifua au zaidi, na waya zishuke kutoka darini badala ya kupita chini. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kufunga upya nyaya za nyumba nzima. Ukishindwa kuzihamisha zote, anza na chumba wanacholala watoto, halafu soketi ya friji.

Meni swichi, yaani swichi kuu inayokata umeme wa nyumba nzima, nayo iwe juu, mahali unapofika bila kupanda kiti. Kila mtu mzima ndani ya nyumba aonyeshwe namna ya kuizima, na ajaribu kwa mkono wake gizani, akiwa na tochi. Mama mwenye nyumba asisubiri baba arudi kutoka kazini.

Kuna kifaa ambacho mafundi tunakiita RCD, kinachokata umeme mara tu unapovuja kwenda ardhini. Kwa nyumba chagua cha miliampea 30. Kina kitufe cha majaribio. Kibonyeze mara kwa mara, na kama hakikati, kibadilishwe. Mwambie fundi apime na ethi pia, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, maana nyumba nyingi nilizoingia zina waya wa ethi uliokatika zamani na hakuna anayejua.

Mita ya LUKU usiiguse. Ikiwa iko chini, kaombe TANESCO waihamishe.

Na ekstensheni zilizolala sakafuni, ziondoe leo.

Hatua ya 3: Choo, mtaro, bati

Shimo la choo linyonywe na gari la majitaka kabla ya mvua. Najua wapo wanaosubiri mvua ili watapishe choo mtaroni. Kinyesi hicho kinaingia kwa jirani, kinaingia kisimani, na baada ya wiki tunasikia kipindupindu. Mzungumze hili mtaani, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa akiwepo.

Mtaro usafisheni kwa pamoja. Ukizibua mbele ya kwako tu, maji yatasimama kwa jirani na kukurudia. Bati zilizolegea zipigiliwe. Jaza viroba vya mchanga uviweke karibu na mlango.

Hatua ya 4: Begi moja la kubeba

Weka kwenye mfuko wa plastiki unaofungika: vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, kadi za kliniki, kadi za bima, mkataba wa pango au hati ya kiwanja. Zipige picha umtumie ndugu wa mkoani. Ongeza dawa za mgonjwa wa nyumbani, tochi, pauabanki iliyojaa, kanga, dawa ya kutibu maji na pesa taslimu za noti ndogo, kwa sababu mtandao ukikatika wakala hatakusaidia.

Kubalianeni mapema nani anambeba bibi, nani anashika mtoto yupi, na mtakwenda kwa nani anayeishi mwinukoni. Mwenyeji huyo awe anajua.

Hatua ya 5: Tahadhari ikitolewa

Fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu Mei 2024, taarifa zilitangulia, na waliozisikiliza walipata muda. Chaji simu, jaza ndoo za maji safi, pandisha friji juu ya matofali.

Maji yakifika uani, zima meni swichi, beba begi, toka. Kama umeshasimama ndani ya maji, au meni swichi imefikiwa na maji, usiiguse, toka tu. Usivuke maji yanayokimbia: sentimita 15 zinaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 hubeba gari. Zimamoto na uokoaji ni 114.

Hatua ya 6: Kurudi

Usiwashe kitu. Soketi ikikauka kwa nje, ndani bado kuna tope, na ukuta wa tofali hushika unyevu kwa wiki kadhaa. Kila soketi iliyozama ifunguliwe, na sakiti breka zilizoingiwa na maji zitupwe. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote hata kama bomba limerudi.

Kisha fundi apime waya kwa mega ya volti 500, kifaa kinachoonyesha kama waya unavujisha umeme. Sakiti ikisoma chini ya megaomu 1, haiwashwi. Akija na tochi na bisibisi peke yake, mwambie arudi na mega.