Brashi ya kunyolea inakuwasha? Ipime kabla ya kulaumu wembe

Mteja akiniambia ngozi inawaka baada ya kunyoa, kwanza namuuliza habari za brashi. Brashi za nywele za mnyama, ziwe za nguruwe, farasi au baja (mnyama wa Ulaya na Asia, jamii ya nyegere), hutoa povu zuri sana, ila zinaweza kukwaruza ngozi hata wembe haujaigusa.

Hatua ya 1: Tafuta chanzo. Siku usiyonyoa, tengeneza povu kwenye bakuli. Shavu la kulia lipake kwa brashi, la kushoto kwa vidole, povu lilelile. Subiri dakika mbili tatu, suuza, usipake kitu kingine. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi, kwa hiyo fuata hisia: joto, mchomo, muwasho. Likiwaka la kulia peke yake, tatizo ni brashi. Yakiwaka yote mawili, badilisha sabuni, hasa kama ina manukato makali. Yasipowaka, kagua wembe wako. Vile vipele vigumu vya shingoni vinavyotokea baada ya siku moja mbili mara nyingi ni ndevu zilizojikunja zikarudi ndani ya ngozi. Hivyo brashi haihusiki.

Hatua ya 2: Angalia ncha. Ishike brashi kavu kwenye mwanga. Unywele usiokatwa huwa mwembamba kuelekea nchani. Uliokatwa kwa mkasi huishia butu, na huo ndio unaochoma. Baja ya namna hiyo sioni sababu ya kuivumilia. Ya nguruwe ipe muda: ikiwa mpya hukwaruza, lakini kadiri unavyoitumia ncha hupasuka na kulainika.

Hatua ya 3: Osha, loweka. Tumia shampuu laini, suuza mpaka maji yatoke safi. Kila unaponyoa, ya nguruwe iloweke kama dakika 10 kwenye maji ya uvuguvugu. Ya baja dakika moja inatosha. Maji ya moto sana huharibu nywele na gundi.

Hatua ya 4: Paka, usisugue. Hapa ndipo ngozi nyingi huumia. Povu likamilike bakulini, kisha lipake kwenda na kurudi kama unapaka ukuta rangi. Ukiona nywele zimelala hadi kwenye mpini, unakandamiza mno.

Hatua ya 5: Kausha. Suuza, kung'uta, iache penye hewa. Usiifungie kwenye mkebe ikiwa mbichi.

Bado inachoma? Nunua ya nyuzi za sintetiki. Ni laini, hukauka haraka, na kwa vinyozi wenzangu ndiyo ninayoipendekeza, maana ni rahisi kuisafisha kwa dawa kati ya mteja na mteja. Usafi huu si jambo dogo: wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia watu waliugua kimeta kutokana na brashi za nywele za farasi zisizosafishwa vizuri, na mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku brashi kutoka Japani. Tena mteja Mwislamu ana haki ya kuambiwa kama brashi ni ya nguruwe kabla haijamgusa.

Ukiona usaha, malengelenge au mabaka ya mviringo yenye magamba, acha kunyoa uende hospitali, na brashi hiyo usiitumie tena.