Kuviringisha Mti wa Mraba kwa Mhimili wa Kuzunguka wa Mashine ya CNC

Seremala wa Moshi au Arusha anayepokea oda ya miguu ya meza au nguzo za ngazi huanza na miti iliyopasuliwa mraba, kwa kuwa hivyo ndivyo saiprasi ya mashamba ya Magharibi mwa Kilimanjaro, au mgrevilea uliokatwa kihambani, hufika karakana. Kabla ya kuchonga nakshi yoyote kwa mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, mti huo sharti uwe mviringo, na hatua hii ambayo wengi huiharakisha ndiyo inayoamua usalama wa biti (kisu cha mashine kinachozunguka na kukata) na usawa wa kazi yote itakayofuata. Hakikisha kwanza kwamba mti umekauka, kwa sababu mbao hazisinyai kwa kiasi kimoja pande zote, na mti ulioviringishwa ukiwa mbichi hupoteza duara lake unapokauka.

Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba mashine hukutana na pembe za mti, si ubavu wake. Mti wenye upande wa milimita 50 una ulalo wa milimita 70.7, yaani pembe zake hufika milimita 35.4 kutoka katikati. Weka sifuri ya Z, mhimili wa kupanda na kushuka kwa biti, kwenye kitovu cha mzunguko, wala si juu ya mti, kisha agiza biti isafiri ikiwa imeinuliwa angalau milimita 45. Anayepima kutoka ubavuni, ambao uko milimita 25 tu kutoka kitovuni, ataona biti imepita salama mti ukiwa umesimama, kisha pembe iipige mara mti unapoanza kuzunguka.

Tafuta kitovu kwa kuchora milalo miwili kwenye kila mwisho wa mti na kutoboa kidogo inapokutana. Tumia chaki (kibanio cha kushikia mti) ya taya nne, kwa kuwa ya taya tatu haiushiki mraba sawasawa, na upande wa pili ubane kwa ncha inayozunguka pamoja na mti. Acha milimita 30 zisizokatwa kila mwisho, ili biti na kishikio chake visikaribie taya.

Ukiwa na msumeno wa meza, ulaze nyuzi 45 na ukate pembe nne kwanza, ukianzia milimita 14.6 kutoka kila ukingo. Utapata pembenane ambayo pembe zake ziko milimita 27.1 tu kutoka katikati. Kwa kipenyo cha mwisho cha milimita 48, mraba mzima unadai kuondolewa milimita 11.4 penye pembe, kazi ya mapito manne hivi, ilhali pembenane inadai milimita 3.1, yaani pito moja la kukwangua na jingine la nusu milimita la kulainisha. Napendekeza njia hii kwa kila mwenye msumeno, kwa sababu pembe ndizo zinazogonga biti na kutikisa mti.

Mwendo ndio unaowachanganya wengi. Mhimili wa A, yaani ule unaouzungusha mti, unapozunguka peke yake, mashine nyingi huisoma F, namba ya mwendo katika programu, kama nyuzi kwa dakika, wala si milimita. F1000 ni mizunguko 2.8 tu kwa dakika, na juu ya kipenyo cha milimita 48 hiyo ni takriban milimita 420 kwa dakika, mwendo wa pole mno ambao husugua mbao na kuiunguza badala ya kuikata. F4000 hutoa karibu milimita 1,680 kwa dakika. Programu fulani huandika amri ya G93, ambayo hupima mwendo kwa muda wa kila hatua; soma faili lako kabla ya kubadilisha namba.

Kama mota ya mzunguko ni dhaifu, kata kwa urefu: biti ipite kando ya mti kwa X, mhimili wa urefu wa mti, kisha mti ugeuzwe nyuzi 5 kabla ya pito linalofuata. Mapito 72 kwa biti bapa huacha matuta ya takriban sehemu mbili za mia za milimita, ambayo msasa huyaondoa mara moja, na kwa kuwa biti inafuata nyuzi za mbao, nyuso hazichaniki sana. Kwa njia zote mbili, sogeza biti bapa kando ya kitovu kwa robo ya kipenyo chake, kwani katikati ya biti hakuna mwendo wa kukata. Kipenyo cha kazi hakibadiliki.

Ukimaliza, pima kipenyo karibu na chaki, katikati na mwisho wa pili. Mti ukiwa mwembamba upande wa ncha, ncha hiyo imekaa juu kuliko chaki. Ishushe kwa nusu ya tofauti uliyopima, kisha rudia pito la kulainisha.