Kununua trekta au zana ya shamba iliyotumika: jinsi ya kuhakikisha anayeuza ndiye mwenye mali

Ufunguo si ushahidi. Trekta nyingi za zamani za kampuni moja huwaka kwa ufunguo wa aina moja, kwa hiyo mtu mwenye ufunguo mkononi na trekta uani amekuthibitishia tu kwamba anaweza kuiwasha.

Shida ya zana za shamba ni kwamba hazina mfumo mmoja wa usajili kama magari. Kuna nchi ambako trekta husajiliwa kama gari lolote na mwenyewe hupewa kadi. Kwingine husajiliwa pale tu inapotakiwa kupita barabarani. Katika majimbo mengi ya Marekani trekta ya shamba haina hati ya umiliki ya serikali kabisa, na hupita mkono hadi mkono kwa hati ya mauziano. Plau, haro, planta na mashine za kufunga majani ndizo ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi hazijawahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye risiti ya dukani.

Ukinunua kwa asiye mwenye mali, nia yako njema haikusaidii sana. Sheria ya mauzo ya bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1979, kama sheria za nchi nyingi zilizofuata mkondo huo, inasema muuzaji hawezi kukupa haki kubwa kuliko aliyonayo yeye. England ilikuwa na kanuni ya kale iliyomlinda aliyenunua mchana kweupe katika soko la wazi bila kujua mali ni ya wizi. Ilifutwa mwaka 1995. Mwenye trekta yake akijitokeza, trekta inaondoka, nawe unabaki kumtafuta uliyempa pesa.

Kazi yangu ni kununua, kutengeneza na kuuza zana zilizotumika. Mpangilio ninaoufuata ni huu.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kufunga safari

Kwa simu, uliza jina la mwenye mashine kama lilivyo kwenye hati, alivyoipata, kama kuna mkopo au mtu mwingine mwenye sehemu ndani yake, na omba picha ya kibati cha namba. Muuzaji wa kweli anaweza kukawia, maana kibati kimejaa tope na hati ziko kabatini. Hilo halinisumbui. Wapo pia wanaoziba namba kwenye matangazo kwa sababu nzuri: wezi hunakili namba ya mashine halali na kuigonga kwenye ya wizi. Lakini anayekataa kumpa namba mnunuzi aliyejitambulisha, huku akidai atumiwe kishika nafasi (malipo ya awali) kwanza, muache.

Hatua ya 2: Soma chuma kabla ya karatasi

Watu wengi huanza na hati, kisha huenda kwenye mashine kutafuta namba waliyokwisha kuisoma. Jicho likishajua linachotarajia, litasoma 8 palipo na 3. Anza na mashine, andika unachokiona kwa mkono wako, ndipo uombe karatasi.

Nenda na brashi ya waya, kitambaa, dizeli kidogo, tochi na chaki. Namba iliyofifia hujitokeza ukiipaka chaki na kufuta juujuu, au ukiweka karatasi nyembamba juu yake na kupitisha penseli kwa ubapa. Usikwangue kwa nguvu. Unaweza kuharibu ushahidi unaoutafuta.

Trekta huwa na namba zaidi ya mahali pamoja. Kuna kibati kilichopigwa riveti, mara nyingi kwenye chesisi au karibu na deshibodi. Kuna namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, kwenye fremu au kwenye bodi la giaboksi. Kuna namba ya injini kwenye bloku, na trekta yenye kebini huwa na kibati kingine cha kebini. Mahali hasa hutofautiana kwa kampuni na modeli, hivyo tafuta kitabu cha mashine, au muulize wakala wa kampuni hiyo, kabla ya kwenda. Kwa zana za kuvutwa, angalia kwenye mkono wa kufungia au pembeni mwa fremu.

Kibati peke yake nakiamini kidogo. Riveti mbili na dakika chache zinatosha kukihamisha kutoka trekta iliyokufa kwenda trekta iliyoibwa. Namba iliyogongwa kwenye chuma ndiyo ninayoitegemea, na hapo ndipo natumia muda. Tafuta alama za grenda, sehemu iliyolala kuliko chuma kinachoizunguka, doa la kuchomelea, tarakimu zisizolingana kwa kina au umbo, rangi mpya mahali pamoja tu kwenye trekta iliyochakaa kote. Pitisha kidole. Mkono hugundua kovu ambalo rangi imelificha. Kwenye kibati angalia riveti: je, ni za umri mmoja na mashine, au zinang'aa? Je, kuna matundu ya zamani yasiyotumika?

Mashine nyingi za miaka ya karibuni zina namba ya herufi na tarakimu 17, kama magari. Katika namba za magari za aina hiyo, herufi I, O na Q hazitumiki, ili zisichanganywe na 1 na 0. Za zamani zina namba fupi zaidi, kwa hiyo ufupi wenyewe si kasoro. Kampuni nyingi zina jedwali linaloonyesha namba ipi ilitoka mwaka gani. Linganisha na mwaka anaokutajia muuzaji. Angalia pia tarehe zilizomiminwa kwenye chuma cha bloku na bodi la giaboksi, zikiwepo. Chuma hicho lazima kiwe kimemiminwa kabla ya trekta kuundwa. Kikiwa cha baadaye, kimebadilishwa.

Kubadilishwa si kosa. Injini hufa na nyingine hufungwa, trekta hupakwa rangi upya, kibati hung'oka kwenye ajali. Maelezo ya kweli huja na ushahidi: risiti ya injini, jina la gereji, fundi unayeweza kumpigia simu wewe mwenyewe. Injini ngeni yenye risiti naichukua. Chesisi iliyofutwa namba siichukui hata kwa bei ya chuma chakavu, na sihitaji kusikiliza hadithi yake.

Hatua ya 3: Sasa leta hati

Unachotafuta ni mnyororo: kutoka dukani au kwa aliyeingiza mashine nchini, hadi kwa anayekuuzia. Kila pete iwe na jina la muuzaji, jina la mnunuzi, tarehe na namba ya mashine. Risiti inayosema "trekta moja nyekundu" haithibitishi trekta hii.

Omba hati halisi. Nakala isiyo na asili yake mara nyingi maana yake ni kwamba hati halisi imeshikiliwa na mkopeshaji. Linganisha namba tarakimu kwa tarakimu na ulichoandika kwenye daftari, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuata kwa kidole. Kisha jina kwenye hati na jina kwenye kitambulisho. Tofauti ya herufi moja inaweza kuwa ya karani. Jina la tatu tofauti kabisa si la karani.

Mashine ikiwa imesajiliwa, usiishie kwenye kadi aliyokuonyesha. Tafuta rekodi kwenye mamlaka iliyoitoa, kwa namba uliyoisoma kwenye chuma.

Mnyororo ukikatika katikati, kwa mfano muuzaji alinunua kwa jirani bila maandishi, mtafuteni huyo jirani mpate maandishi yake sasa. Akiwa hapatikani, wengi hukimbilia hati ya kiapo. Itumie, hasa kwa plau au trela isiyo na karatasi yoyote, lakini ujue ilivyo: ni neno la muuzaji huyohuyo lililopigwa muhuri. Inamweka yeye hatarini akidanganya, haimgeuzi kuwa mwenye mali. Maelezo ya majirani wawili wasio ndugu zake, walioiona mashine ikifanya kazi shambani kwake miaka yote, nayathamini kuliko kiapo hicho.

Hatua ya 4: Anayeuza ana mamlaka?

Mwizi huwa na haraka na hana karatasi. Ukifuata hatua mbili za juu utamnasa. Anayeumiza wanunuzi wengi zaidi ni mtu anayeishi na mashine kihalali lakini si yake peke yake. Mtoto anauza trekta ya marehemu baba kabla mirathi haijafunguliwa. Mwanachama anauza kombaini ya ushirika. Mshirika mmoja anauza mali ya kampuni. Mume anauza bila mke kujua. Mpangaji anauza alichokodishwa.

Kwa mali ya marehemu, dai uteuzi wa msimamizi wa mirathi na umwone msimamizi mwenyewe akisaini. Kikao cha familia peke yake hakitoshi, hata kama wote wametikisa vichwa. Kwa kampuni au ushirika, omba azimio la maandishi linaloruhusu uuzaji, linalotaja mashine kwa namba yake. Kwa dalali, mwombe akuunganishe na mwenyewe. Akikwepa kwa hofu ya kurukwa, mwandikieni kamisheni yake kabla, kisha mwonane. Kwa mnada, uliza nani ameagiza mnada na kwa amri gani, na usome masharti: baadhi ya wauza minada hawatoi uhakika wowote wa umiliki.

Hatua ya 5: Deni linalotembea na mashine

Trekta inaweza kuwa ya muuzaji kabisa na bado benki ikawa na haki ya kuichukua kutoka kwako. Ukiwa umenunua mashine iliyowekwa dhamana, katika nchi nyingi haki ya mkopeshaji huifuata kwa mnunuzi. Kwa ununuzi wa awamu au ukodishaji wa muda mrefu hali ni mbaya zaidi: anayeiendesha si mwenyewe mpaka awamu ya mwisho, ingawa jirani zake wote watakuapia kuwa ni yake.

Rejesta za dhamana zipo, na kuzitafuta ni kazi ya dakika chache. Australia ina rejesta ya taifa ya dhamana za mali zinazohamishika tangu 2012. Kenya ilianzisha ya kwake kwa sheria ya mwaka 2017. Marekani wakopeshaji huandikisha katika jimbo fomu iitwayo UCC-1, inayotangaza dhamana yao, nayo hudumu miaka 5 isipoongezwa. Angalia rejesta ya unakonunua inatafutwa kwa nini: nyingine kwa namba ya mashine, nyingine kwa jina la mdaiwa. Ile ya Marekani hupangwa kwa jina la mdaiwa, kwa hiyo jina lililokosewa linaweza kukuletea jibu safi lisilo la kweli. Tafuta pia jina la mmiliki aliyetangulia ikiwa muuzaji ameinunua juzi.

Deni likiwepo, biashara haijafa. Pateni barua ya mkopeshaji yenye kiasi kilichobaki na tarehe ya mwisho wa hesabu hiyo. Lipa kiasi hicho moja kwa moja kwa mkopeshaji, salio kwa muuzaji, na pokea barua ya kuachia dhamana. Usimpe muuzaji pesa zote ukitegemea atakwenda kulipa.

Hatua ya 6: Ulizia wizi

Peleka namba polisi na kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza mashine. Wakala hana wajibu wa kukujibu kila kitu, lakini wengi watakwambia kama mashine imeripotiwa. Uingereza kuna mfumo wa CESAR, ulioanza mwaka 2007, wenye vibati vya pembetatu na alama zilizofichwa ndani ya mashine. Ukiona mahali palipobanduliwa pembetatu, uliza kwa nini.

Mashine mpya zina jambo la ziada: akaunti ya mtandaoni inayoiunganisha mashine na kampuni iliyoitengeneza. Mwaka 2022 mashine za John Deere zilizochukuliwa Melitopol, Ukraine, na kupelekwa Chechnya zilifungwa kutoka mbali zikawa hazifanyi kazi. Kwa hiyo mashine yenye mtandao itolewe kwenye akaunti ya muuzaji na iingizwe kwenye yako kabla ya malipo ya mwisho. Kwa skrini na vipokezi vya GPS, ambavyo huibwa sana kwa kuwa vinang'olewa haraka, kila kimoja kina namba yake. Skrini inayouzwa bila trekta, na nyaya zilizokatwa badala ya kuchomolewa, haihitaji uchunguzi zaidi.

Namba ikirudi na taarifa ya wizi, usimkabili muuzaji. Sema unakwenda kufikiria, ondoka, toa taarifa.

Hatua ya 7: Andika, ndipo ulipe

Mkataba utaje aina, modeli, mwaka, namba ya chesisi, namba ya injini na kila kifaa kinachokwenda na mashine. Uwe na kifungu ambacho muuzaji anathibitisha kuwa ni mali yake, haina deni wala mgogoro, na kwamba akidaiwa na mwingine atarudisha pesa na gharama. Weka nakala ya kitambulisho chake, sahihi za mashahidi wa pande zote mbili, na picha ya namba yenyewe. Nchi nyingine zinataka wakili au muhuri. Fuata utaratibu wa kwenu.

Lipa kwa benki, kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye hati. Muuzaji akitaka pesa ziende kwa shemeji, rudi hatua ya 4. Ukilazimika kuacha kishika nafasi, kiandikwe kuwa kitarudishwa iwapo umiliki au deni litaleta shaka.

Hati halisi, kadi, ufunguo wa akiba, barua ya mkopeshaji na mashine vipokelewe siku moja. Uhamisho wa jina ufanye mapema, muuzaji angali anapokea simu zako, na hati ziweke nyumbani, si kwenye kisanduku cha spana cha trekta.