Weka 4H kabla ya tope

Ukitoka Kisumu kwenda Ahero halafu ukate kuingia mashambani wakati wa mvua, usingoje gari lizame ndipo ukumbuke 4H, yaani kuvuta kwa magurudumu manne kwa mwendo wa kawaida. Ule udongo mweusi wa Kano ukishajaza mifereji ya tairi, hata magurudumu manne yatazunguka bure. Weka 4H ukiwa bado kwenye ardhi ngumu, usukani umenyooka, kisha ingia kwa mwendo mmoja. 4L, yaani magurudumu manne kwa mwendo wa chini wenye nguvu, iache kwa mteremko mkali au kujinasua. Kuiweka, gari nyingi hutaka usimame na uweke nyutro kwanza.

Ukirudi kwenye lami, toa 4H mara moja. Hapa ndipo wengi huumia. Gari lisilo na difu ya katikati, ile gia inayoruhusu ekseli mbili zizunguke kwa kasi tofauti, hulazimisha ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka sawa, ilhali kwenye kona ekseli ya mbele husafiri njia ndefu zaidi. Topeni tairi huteleza kidogo, mambo yakaisha. Kwenye lami kavu utasikia usukani mzito na gari likishtuka-shtuka kama limeshikwa breki. Chuma ndicho kinacholiwa. Wenye Subaru Forester hili haliwahusu, yenu huvuta kote muda wote, ila tope la Kano halijali.