Kabla ya kumwona wakili wa bure wa hifadhi Marekani

Mahakama ya uhamiaji ya Marekani inakuruhusu uwe na wakili, ila serikali haimlipi. Wanaobaki ni mawakili wa kujitolea na mashirika ya msaada wa sheria kwa wahamiaji kama ILAP hapa jimbo la Maine, na wahitaji ni wengi kuliko mawakili. Ukibahatika kupewa saa moja, isiishie kupekua begi.

Ijue kwanza tarehe uliyoingia nchini. Fomu I-589, yaani ombi lenyewe la hifadhi, inatakiwa iwasilishwe kabla mwaka haujatimia tangu siku hiyo, na ukichelewa, sababu zinazokubalika ni chache. Kuwa kwenye foleni ya wakili hakusimamishi huo mwaka. Tarehe ya mahakama ikiwa mbali, nayo haikuongezei hata siku moja. Ukihama nyumba, ijulishe mahakama ndani ya siku 5 kwa fomu EOIR-33, maana wito ukienda anwani ya zamani, jaji anaweza kuamuru uondolewe wewe ukiwa hujui hili wala lile.

Beba kila barua ya serikali, hata usiyoielewa, pamoja na kadi ya mpigakura, cheti cha kuzaliwa na karatasi za hospitali. Zilizo kwa Kifaransa au Kiswahili zitahitaji tafsiri ya Kiingereza yenye saini ya mtafsiri. Toa nakala, karatasi zenyewe baki nazo.

Kazi kubwa ni maelezo yako, na hapa nasema kama mkalimani. Mtu wa Bukavu, Kongo, akisema "walikuja saa nane ya usiku", mara nyingi anahesabu kwa Kifaransa, yaani saa mbili usiku ya Mtanzania. Mkalimani Mtanzania anasikia usiku wa manane. Mbele ya jaji akikaa mkalimani Mkongo, saa inageuka, na wakili wa serikali anauliza: ipi ya kweli? Basi sema "giza lilikuwa limeshaingia, watoto walikuwa wanakula". Na baba je? Kwetu baba mdogo ni baba. Kwenye karatasi, baba aliyeuawa na baba anayekupigia simu kila Jumapili wanaonekana mtu mmoja, nawe unaonekana mwongo. Taja aliyekuzaa, kisha ndugu zake.

Mahakamani mkalimani analetwa. Kwenye usaili wa ofisi ya hifadhi ya USCIS, idara ya uhamiaji isiyo mahakama, unakuja na wako: awe na miaka 18 au zaidi, asiwe wakili wako wala shahidi wako.

Anayekujazia fomu kwa malipo lazima aandike jina lake na kusaini humo. Akikataa, chukua karatasi zako uondoke. Wengine wana hadithi moja wanayomwandikia kila mteja. Mahakama inayo orodha ya mawakili wa bure, omba hiyo.

Na kama ulikaa Angola au Brazil kabla ya kufika, mwambie wakili mapema. Siri zako anazitunza, ila alama za vidole ulizoacha njiani hawezi kuzijibia kama ndiyo kwanza anazisikia mbele ya jaji.